Kabla ya Nauli, Muulize Bibi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Likizo ya Desemba yakaribia, na katika mabweni yetu maneno ya safari yamekwisha anza kabla hata mitihani haijaisha. Huyu asema atakwenda Tanga, yule Mtwara kwa mjomba wake, na wengi wameahidiwa kupelekwa Dar es Salaam kwa siku mbili tatu pamoja na wazazi, babu, bibi na wadogo zao. Ni jambo jema, wala sina nia ya kumkataza mtu kwenda kuona bahari. Mtu wa bara aliyekulia katika vumbi la Dodoma kama mimi ajua thamani ya kuona maji yasiyoonekana ng'ambo yake.

Neno langu ni moja tu, nalo lahusu namna tunavyokwenda. Jamaa nzima wanapofunga safari pamoja, wazee, wazazi, vijana na watoto wachanga, yapasa safari hiyo ipangwe kwa kuanzia na aliye mzee kuliko wote. Yeye aulizwe kwanza, na mwendo wake uwe mwendo wa wote. Tukifanya kinyume, twamchukua mzee kama tunavyochukua sanduku, na hasara yake haimpati mzee peke yake, yaipata jamaa yote. Nasema hivi kwa sababu hasara hiyo nimeiona, na tena mwenye kuileta nilikuwa mimi.

Katika likizo ya Juni iliyopita Baba alipata nafasi ya siku chache kazini, akasema twende sote Dar es Salaam. Tulikuwa watu wanane wa vizazi vinne: Bibi, mama yake Baba, mwenye umri wa miaka 75; Baba na Mama; dada yangu mkubwa na mtoto wake wa mwaka mmoja; mimi; na wadogo zangu wawili, wa miaka tisa na saba. Kwa kuwa mimi ndiye niliye shuleni na ninajua kusoma ramani, Baba alinipa kazi ya kupanga safari. Nilifurahi sana. Nilichukua daftari, nikapiga mistari, nikaandika saa na mahali kama ratiba iliyobandikwa katika ukuta wa darasa letu. Saa mbili, Makumbusho ya Taifa. Saa tano, kuoga baharini. Saa kumi, Kariakoo. Hata Bibi nilimwandikia dakika zake za kupumzika. Baba aliisoma, akanisifu, akasema kweli ada ya shule haikupotea.

Katika ratiba ile yote hapakuwa na jambo hata moja lililotoka kinywani mwa Bibi, kwa maana sikumwuliza. Nilidhani sina la kumwuliza. Nilimjua Bibi kuwa mtu wa shamba, mwenye mbuzi wake na uwele wake, na nikadhani kwamba yeye ndiye atakayeonyeshwa mji, na sisi ndio wa kumwonyesha.

Tuliondoka Dodoma Ijumaa jioni kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi wa Julai, 2024. Bibi bado huiita gari la moshi, nasi tulimcheka, maana haina moshi hata kidogo. Usiku ulipoingia, mwezi ulitoka mkubwa upande wa mashariki. Bibi aliutazama dirishani kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwezi mpevu. Kesho asubuhi maji yatakuwa mbali. Watoto wangoje alasiri."

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilitabasamu kidogo, nikageukia daftari langu.

Siku ya Jumamosi saa tano juu ya alama, kama ilivyoandikwa, tulifika katika ufukwe wa Coco. Bahari haikuwapo. Palikuwa na mchanga, kisha mawe meusi yenye ncha, kisha mwani, na maji yalikuwa mbali kule yakimetameta. Wadogo zangu walikuwa wamekwisha vua mashati. Walisimama pale mikono ikining'inia. Bibi alisema kwa upole kwamba tukirudi saa kumi tutayakuta maji hapa hapa tulipokaa. Lakini saa kumi katika daftari langu ilikuwa ya Kariakoo. Basi tulikula mihogo ya kukaanga, tukamfuta machozi yule mdogo, tukaondoka.

Nataka msomaji aone jinsi nilivyokuwa mjinga. Katika Jografia nimefundishwa, na katika mtihani nimeandika, kwamba mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, jua na mwezi huvuta bahari pamoja, na maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa pwani huita majira hayo bamvua, na yale mengine, maji yasipojaa wala kupwa sana, huyaita maji mafu. Katika pwani ya Dar es Salaam, siku za bamvua maji hupwa kabla ya adhuhuri na kujaa alasiri. Mimi nilikuwa na alama nzuri za jambo hilo. Bibi hakuwa na alama yoyote, ila alitazama dirishani akatuambia. Wala sikujiuliza mtu wa shamba la uwele ameyajulia wapi mambo ya maji.

Jumapili tulifanya vibaya zaidi. Nyumba ya wageni tuliyoichagua, kwa sababu ya bei yake, ilikuwa na vyumba vyetu katika ghorofa ya tatu, nayo haikuwa na lifti. Magoti ya Bibi yalikuwa yamevimba kwa ngazi za jana. Asubuhi dada yangu alisema, "Bibi atabaki na mtoto, apumzike." Neno lenyewe lilisemwa kwa huruma, wala sisemi kwamba dada ni mtu mbaya. Lakini kukaa siku nzima katika chumba chenye joto na mtoto anayeota meno si kupumzika, ni kazi. Bibi alisema, "Nendeni tu wanangu," nasi tukaenda mbio, mioyo myeupe.

Tulikwenda kwanza Kijiji cha Makumbusho, katika barabara ya Bagamoyo. Pale zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali ya nchi yetu kama zilivyokuwa zamani, na miongoni mwake limo tembe la Wagogo, yaani nyumba ya kwetu. Tulisimama mbele yake kwa fahari, tukapigwa picha. Ndipo mdogo wangu wa miaka tisa akaanza kuuliza. Kwa nini paa ni bapa, tena la udongo? Ndama walilala wapi? Moshi ulitokea wapi? Baba alikohoa. Yeye amekulia katika nyumba ya bati. Mama kwao si Ugogoni. Mimi nilijaribu kubuni majibu, nikaona aibu nikanyamaza. Mtu mmoja tu wa jamaa yetu alizaliwa ndani ya tembe, naye tulikuwa tumemwacha ghorofani akimbembeleza mtoto.

Baada ya hapo tulikwenda Feri, tukavuka kwa pantoni mpaka Kigamboni. Tulikaa ufukweni, tukala samaki, watoto wakaoga. Baba alilala juu ya mkeka akasema hajapata kustarehe hivi kwa miaka mingi. Tulirudi jua likitua. Bibi alitufungulia mlango, akauliza, "Mlikwenda wapi?" Tukamwambia. Alirudia lile neno, "Kigamboni," akaenda kuweka maji ya mtoto jikoni.

Jumatatu ilikuwa siku ya kurudi, na treni yetu ilikuwa ya jioni. Asubuhi Mama na wengine walikwenda Kariakoo kununua vitu, na mimi nikaachwa kukaa na Bibi na mizigo. Nakiri kwamba nilinuna. Walipokwisha ondoka tu, Bibi alijifunga kanga vizuri, akashika mkongojo wake, akasema kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "Mume wangu, nipeleke Feri."

Nikamwambia kwamba ngazi zitamchosha, na foleni ni ndefu, na mizigo haina mtu. Alinijibu kwamba mizigo atakaa nayo mwenye nyumba, amekwisha sema naye tangu jana, na ngazi atashuka kwa makalio ikiwa lazima. Basi tukashuka, ngazi moja moja, yapata robo saa. Nilikodi teksi kwa fedha yangu ya matumizi.

Pantoni huvuka katika dakika chache tu, kwa maana mlango wa bandari ni mwembamba pale. Nauli yake ni ndogo kuliko bei ya soda. Bibi alisimama ukingoni akitazama nyuma mjini, yalipo makanisa mawili ya zamani, la Kilutheri na lile la Mtakatifu Yosefu lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902. Akaanza kusema. Mimi nilikuwa na miaka 17, na maneno yale nilikuwa sijayasikia hata siku moja.

Mwaka 1970 yeye na Babu walishuka Dar es Salaam kutoka katika gari la moshi lililokuwa na moshi kweli. Babu, ambaye alikufa kabla sijazaliwa, alikuwa kuli bandarini. Alibeba robota za katani na magunia ya kahawa, na zilipoletwa shaba za Zambia alibeba hizo pia. Walipanga chumba katika nyumba ya makuti huko Kigamboni, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Kila alfajiri Babu alivuka kwenda kazini, na kila jioni Bibi alikwenda kumngoja kivukoni. Majirani zake wa Kizaramo walimchukua wakati maji yakipwa, wakamfundisha kuokota chaza na kumtoa pweza katika mwamba. Hapo ndipo mwanamke wa Kigogo alipojifunza kuutazama mwezi na kujua bahari iko wapi.

Tulipofika ng'ambo alitembea polepole, akisimama na kugeuka. Hakuikuta nyumba ile. Palikuwa na maduka, na ukuta mrefu, na pikipiki nyingi. Aliuliza habari za kisima fulani, na mzee mmoja mwuza mikeka akamwambia kwamba kisima kilifukiwa zamani, akamwonyesha kilipokuwa kwa kidole. Bibi akahesabu hatua kutoka pale, akasimama kando ya duka la dawa. Akasema, "Hapa ndipo alipozaliwa baba yako, mwaka 1972, masika."

Mimi nilijua kwamba Baba ni mtu wa Dodoma. Baba mwenyewe ajua hivyo. Kumbe alizaliwa mbele ya bahari, akaondoka pale akiwa na miaka mitatu, Babu alipoumia mgongo wakarudi kwao mwaka 1975. Tulinunua madafu mawili tukanywa tumesimama, kisha tukarudi, kwa sababu ya treni.

Niliyasema yote haya ndani ya treni. Baba alimtazama mama yake kwa muda. Jana yake alikuwa amelala juu ya mkeka, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka mahali alipozaliwa, asijue. Akasema, "Mama, mbona hukusema?"

Bibi akajibu, "Mlikuwa na ratiba, mwanangu."

Baba hakusema neno tena mpaka tulipopita Morogoro. Na mimi niliweka daftari langu chini ya kiti.

Sasa, msomaji, najua kwamba wako watakaonipinga, na baadhi ya hoja zao nimezisikia bwenini nilipowasimulia wenzangu. Yafaa nizijibu.

Hoja ya kwanza ni kwamba siku ni chache na fedha ni chache, kwa hiyo yapasa kuona mengi kwa haraka. Hoja hii yaonekana kuwa na akili, lakini nimeipima kwa safari yetu nikaiona haina uzito. Nauli ya watu wanane kwenda na kurudi, malazi ya siku tatu na chakula cha mjini ni fedha nyingi kwa mtumishi wa mshahara wa kawaida. Ikiwa fedha ni chache, basi ni vizuri zaidi kuitumia kwa kitu kisichopatikana mahali pengine. Picha za mnara wa Askari zimo vitabuni, na yeyote aweza kuziona bila kutoka darasani. Mahali alipozaliwa Baba hapamo katika kitabu chochote. Pamo katika kichwa cha mtu mmoja mwenye miaka 75. Tena kwenda kupaona kuligharimu nauli ya pantoni, teksi, na madafu mawili.

Hoja ya pili ni kwamba wazee wenyewe husema, "Nendeni tu, msinijali." Ni kweli husema. Lakini sisi tuliolelewa katika desturi zetu twajua maana ya maneno hayo. Mzee mwenye adabu hataki kuwa mzigo kwa wanawe, hivyo hujiondoa kabla hajaondolewa. Mgeni ukimwambia karibu chakula akasema ameshiba, je, humwambii mara ya pili na ya tatu? Kwa nini basi mgeni tumsihi, na Bibi tumwulize mara moja tu, tena mguu mmoja ukiwa nje ya mlango?

Hoja ya tatu ni kwamba watoto watachoka kwa mwendo wa wazee. Nami nasema waulizwe wadogo zangu. Walilia Jumamosi kwa sababu tulifuata mwendo wangu. Tungalifuata maneno ya Bibi wangalioga saa kumi katika maji yaliyojaa, na asubuhi tungaliwapeleka kutazama boti za wavuvi na samaki sokoni Feri. Mtoto mdogo na mtu mzee hupenda mambo yaliyo karibu sana: wote wawili hutaka kukaa chini, kula kidogo kidogo, na kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu. Wenye haraka ni sisi wa katikati.

Hoja ya nne ina ukweli zaidi, nami siwezi kuikataa yote. Wengine husema wazee nao wana ukaidi. Ni kweli. Bibi yangu si malaika. Alikataa kupanda basi la mwendokasi kwa kuwa alisema milango yake inafunga kama mtego. Aligombana na Mama juu ya chumvi. Usiku alitaka dirisha lifungwe, sisi sote tukitokwa na jasho. Sisemi kwamba mzee atawale kila jambo, wala sisemi kwamba vijana wasiende peke yao kucheza mpira na kutembea watakavyo. Vijana wakitaka safari yao, na waende, ni haki yao. Ila tukisema kwamba hii ni safari ya jamaa, basi tusimhesabu mzee katika nauli na kumsahau katika shauri.

Liko na jambo jingine ambalo sisi wanafunzi wa bara yafaa tulikumbuke. Dar es Salaam ni mji uliojengwa na wageni waliokuja. Palikuwa na kijiji cha Mzizima. Kisha katika miaka ya 1860 Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, akaanza kujenga pale mji wake. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka pale mwaka 1905, ikafika Morogoro, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo reli ile imeshusha watu wa bara mjini mwaka baada ya mwaka: makuli, watumishi wa nyumbani, askari, wapishi, wachuuzi, na wake zao. Wengi walirudi makwao baada ya miaka michache, wakashika jembe, na wajukuu zao wakadhani kwamba hawakutoka kijijini hata siku moja. Basi mwenzangu, usiwe na hakika sana kwamba Bibi yako haujui mji. Labda aujua kuliko wewe, ila mji anaoujua umefukiwa kama kile kisima, na bila yeye hutaona hata pale ulipokuwa.

Mtu akisema vibaya yapasa aseme na dawa yake. Haya ndiyo mashauri yangu, nayo hayahitaji fedha.

Kwanza, kabla ya kuuliza nauli, muulize mzee wenu peke yake, kwa utulivu, si mezani mbele ya watu wote: "Uko mahali ungependa kupaona?" Akisema hapana, ngoja siku mbili umwulize tena. Jibu lake liandikwe mstari wa kwanza.

Pili, chagueni malazi ya chini, hata kama chumba ni kidogo. Ngazi za ghorofa tatu zilimla Bibi nguvu ambazo angalitumia kutembea.

Tatu, mtoto mchanga alelewe kwa zamu. Bibi amekwisha lea watoto wake na wajukuu wake, hakupanda treni ili aongezewe zamu ya kitukuu. Nasi wavulana tusijitoe, kwa maana kumbeba mpwa wangu mgongoni kwa saa moja kusingaliniua.

Nne, kila siku iwe na jambo moja tu kubwa, na asubuhi moja iachwe tupu. Yale mazuri ya safari yetu yalitokea katika asubuhi ambayo haikuwa na mpango.

Tano, tazameni mwezi.

Kwa walimu wetu nina ombi dogo, na nalisema kwa heshima. Kila likizo twapewa mazoezi ya Hesabu na Kiingereza, na ni haki. Laiti tungepewa na zoezi moja la Historia: kila mwanafunzi arudi shuleni na kurasa mbili za maneno ya mtu mzee kuliko wote katika nyumba yao, alifanya kazi gani, wapi, mwaka gani, na kwa nini aliondoka. Katika muhula mmoja shule yetu ingekuwa na kitabu ambacho hakipo katika maktaba yoyote.

Na kwa wazazi nasema hivi, nikiomba radhi kwa umri wangu. Nyinyi mlio katikati ndio mnaobeba gharama zote, na mchoko wenu twauona. Baba yangu alitaka starehe ya siku tatu, na aliistahili. Lakini yeye ndiye aliyepata hasara kubwa kuliko sote. Mimi nilipaona mahali alipozaliwa; yeye bado. Magoti ya Bibi hayawi mazuri zaidi mwaka hata mwaka, na yule mzee mwuza mikeka aliyejua kisima kilipokuwa naye si kijana.

Nyumbani kwetu imekubaliwa kwamba nikimaliza mtihani wa mwezi wa Novemba tutakwenda tena Dar es Salaam, mara hii watu wachache, Bibi na Baba na mimi. Daftari ni lile lile, nimefungua ukurasa mpya. Mstari wa kwanza nimeandika Kigamboni. Wa pili, kwa shauri la Bibi, nimeandika Kijiji cha Makumbusho, kwa sababu alipoambiwa maswali ya mdogo wangu alicheka sana, akasema ataingia ndani ya tembe lile atuonyeshe mahali pa ndama. Chini ya hapo sijaandika kitu.